Kujitolea Kwenye Mikoko ya Lamu: Mwongozo Kamili wa Kutunza Msitu na Kujifunza Ufundi Wake

Wengi wanaokuja kujitolea kwenye mikoko huja na picha moja kichwani: mstari wa watu, miche mikononi, tope hadi magotini. Picha hiyo ni ya kweli, ila ni sehemu ndogo ya kazi. Mikoko hujipanda yenyewe kila mwaka mradi maji yanaingia na kutoka yanavyotakiwa na miti mama imeachwa imesimama. Kazi kubwa ya anayejitolea ni kuuondolea msitu vizuizi, kuhesabu, kupunguza palipobanana, na kujifunza ufundi unaowapa watu wa hapa sababu ya kuutaka msitu ubaki. Kupanda kuje mwisho, pale tu msitu uliposhindwa peke yake.

Na msitu wenyewe si mdogo. Kenya ina takriban hekta 61,000 za mikoko, na zaidi ya hekta 37,000 ziko Lamu: Pate, Manda, Ndau, Kiwayu, Mkunumbi na kaskazini hadi Kiunga. Kwa karne nyingi boriti za hapa zilipakiwa majahazini kwenda Uarabuni, mpaka serikali ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Majumba ya mawe ya Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, dari zake zimebebwa na mti huu huu.

Ruhusa, kisha salamu

Mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu tangazo la mwaka 1932. Leo iko chini ya Shirika la Huduma za Misitu (KFS), na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inawapa wanavijiji nafasi ya kushiriki kupitia jumuiya ya msitu, ambayo watu huiita kwa herufi zake za Kiingereza, CFA. Usiingie msituni peke yako na panga lako hata kama nia ni njema. Kukata ufito mmoja bila kibali ni kosa.

Nenda kwanza ofisi ya misitu ya Lamu, uliza ni jumuiya gani inayosimamia eneo unalolikusudia na kuna kazi gani kwenye mpango wao wa mwaka. Kutoka hapo muone mwenyekiti wa jumuiya, kisha mzee wa kijiji. Ikiwa kazi iko ufuoni wanapoegesha wavuvi, viongozi wa kamati ya ufuo (BMU) nao wajulishwe. Ukienda upande wa Kiunga, ndani ya hifadhi ya bahari, Shirika la Wanyamapori (KWS) nalo lina mamlaka yake. Chukua barua fupi inayosema wewe ni nani, mko wangapi, mtakaa siku ngapi na mnaweza kufanya nini. Swali la mwisho ndilo wengi hulisahau. Anayejua kupima, kupiga hesabu au kunoa msumeno ana faida kubwa kuliko watu kumi wasio na la kufanya.

Kijijini vaa nguo za kujisitiri, wanaume kwa wanawake, hata kama mnakwenda topeni. Mkubwa huamkiwa shikamoo kabla ya neno lingine lolote. Ijumaa mchana usipange kazi. Mwezi wa Ramadhani kazi za topeni zipangwe mapema asubuhi na ziwe fupi, na usinywe maji mbele ya waliofunga. Picha huombwa, hasa kwa kina mama wanaopiga usumba (nyuzi za makumbi ya nazi) au kukusanya mbegu.

Kupanga siku kwa maji

Msituni saa ya mkononi haikusaidii kitu usipoijua bahari. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa yaweza kufika karibu mita nne. Katikati yake ni maji mafu, bahari haisogei sana. Siku za bamvua maji makavu ya mchana huangukia kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Kila siku inayofuata husogea mbele kwa kama dakika hamsini, ndiyo maana kwenye maji mafu utaona yamekauka alfajiri au jioni.

Ingia msituni maji yakiwa yanapwa, saa mbili kabla ya kukauka kabisa, na toka si zaidi ya saa moja na nusu baada ya maji kugeuka. Mikondo midogo ndiyo hujaa kwanza, nyuma yako, wakati mbele yako bado kukavu. Kila kundi liwe na mtu mmoja mwenyeji ambaye kazi yake ni kutazama maji tu.

Miguuni vaa raba za kamba zilizofungwa barabara, na soksi ndefu. Gambuti hubaki topeni nawe ukatoka peku, na hapo chaza walioshika kwenye mizizi hukata kama wembe. Mikono mirefu, kofia, maji ya kunywa lita tatu kwa kila mtu, chumvi na sukari ya kuchanganya, dawa ya vidonda na bandeji. Kidonda cha topeni kioshwe kwa maji safi na sabuni siku hiyo hiyo, maana huoza haraka.

Kuujua mti kabla ya kuushika

Kenya ina aina tisa za mikoko na zote ziko Lamu. Majina hubadilika kidogo kutoka kijiji hadi kijiji, kwa hiyo siku ya kwanza tembea na mwenyeji akuoneshe mti huku akiutaja.

Mlilana husimama mbele kabisa, unapokutana na bahari, na mizizi yake ya kupumulia ni minene kama mkono wa mtoto. Nyuma yake ni mkoko wenyewe, wenye mizizi iliyojipinda kutoka shinani kama miguu. Hufuata muia, wenye mizizi ya magoti, kisha mkandaa, mwembamba na mgumu, kwenye ardhi iliyoinuka. Mchu una tabia ya peke yake: utaukuta mbele baharini na utaukuta nyuma kabisa kwenye chumvi kali ambako mingine haithubutu, na mizizi yake ya kupumulia ni myembamba kama kalamu. Kikandaa na mkomafi hukaa upande wa nchi kavu, na msikundazi hutaka mahali penye maji baridi, yasiyo ya chumvi.

Mpangilio huu una maana kubwa. Kila mti umechagua idadi ya mara unazofunikwa na maji kwa mwezi. Ukiuhamisha hatua hamsini mbele au nyuma umeupa bahari nyingine.

Kwanza uliza: kwa nini pamekuwa peupe?

Ukiona uwanja usio na miti katikati ya msitu, usikimbilie kupanda. Kuna sababu nne za kawaida, na kila moja ina dawa yake.

Maji yamezuiwa. Barabara, tuta, au mchanga ulioletwa na mafuriko umefunga mkondo. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliua mikoko mingi ya pwani kwa njia hii, mchanga ukazika mizizi ya kupumulia. Dalili yake ni miti iliyokauka ikiwa imesimama, na dimbwi linalobaki baada ya maji kupwa.

Pamekatwa kupita kiasi na hakuna mti mama karibu. Hapo maji ni sawa na tope ni zuri, ila mbegu hazifiki. Hapa kupanda kuna maana.

Wanyama wanakula. Mbuzi, punda na ngamia hupenda majani ya mchu. Utaona vichipukizi vimekatwa kwa usawa mmoja.

Au hapakuwahi kuwa na mikoko. Nyasi za baharini na tope tupu lililo chini ya nusu ya kujaa kwa bahari si mahali pa mikoko. Mti wa mkoko hutaka kupumua zaidi ya nusu ya siku. Miradi mingi hufeli hapa, maana uwanja kama huu una nafasi, hauna mwenyewe, na hupendeza kwenye picha.

Ili kujua maji yanafika wapi, tumia chupa. Chomeka mti wa mita mbili topeni, ufungie chupa ndogo zilizo wazi mdomo kila sentimita ishirini kuanzia chini. Weka mti mwingine kama huo ndani ya msitu wenye afya wa aina unayoitaka. Maji yakipwa, chupa ya juu kabisa iliyojaa inakuambia bahari ilifika wapi. Zimwage, rudia kwenye bamvua na kwenye maji mafu kwa mwezi mzima, kisha linganisha. Miti miwili ikipishana kwa zaidi ya chupa moja, tatizo lako ni urefu wa ardhi au mkondo, na mche hautalitatua.

Kufungua mkondo

Kazi hii hufanywa kwenye maji mafu, kwa majembe na makarai. Anzia upande wa chini, karibu na bahari, kisha uende nao juu, ili maji ya dimbwi yatoke polepole huku mkichimba. Ukianza juu utafanya kazi ndani ya maji hadi mwisho. Fuata njia ya zamani ikiwa bado inaonekana. Upana wa nusu mita hadi mita moja watosha, na kina kiwe cha kutoa maji tu, si handaki.

Tope mnalotoa msililundike ukingoni. Lundo hugeuka tuta na kuzuia maji kuingia pembeni, mkawa mmefungua mlango na kujenga ukuta. Litawanyeni mbali, lisizidi kimo cha vidole viwili. Baada ya bamvua ya kwanza rudini mtazame: dimbwi likikauka ndani ya saa chache za maji kupwa, kazi imefaulu. Likibaki, tafuteni mahali ardhi ilipoinuka katikati, mara nyingi ni mzizi mkubwa au gogo lililozikwa.

Mkondo ukishafunguka, subirini msimu mmoja wa mbegu kabla ya kupanda chochote. Mara nyingi miche hujitokeza yenyewe, tena ya aina sahihi mahali sahihi.

Mbegu na kupanda

Mbegu ya mkoko ni ile fimbo ndefu ya kijani inayoning'inia, sentimita thelathini hadi sitini. Hukomaa kwa wingi msimu wa masika. Iliyoiva ina ukosi wa rangi ya manjano au kahawia pale inapokutana na tunda, na ukiigusa huanguka yenyewe. Ukilazimika kuivuta, haijawa tayari. Okota zilizoanguka karibuni au tikisa tawi taratibu. Tupa yenye tundu dogo, maana ndani kuna mdudu anayetoboa. Tupa iliyovunjika ncha na iliyonyauka. Katika kila mti acha nyingi zaidi ya unazochukua.

Zilaze kivulini kwenye gunia bichi. Kuziacha siku tano hadi saba kabla ya kupanda husaidia, kwa kuwa kaa huzipenda mbichi kabisa. Usizikalishe juani hata saa moja.

Upandaji wenyewe ni wa haraka. Panga siku za mwisho za bamvua, ili wiki inayofuata maji yawe ya upole wakati mizizi inashika. Vuta kamba yenye mafundo kila mita moja. Kwa nafasi ya mita moja kwa moja hekta huchukua mbegu 10,000, na kwa mita mbili huchukua 2,500. Tunapendelea mita moja na nusu mahali palipotulia, na mita moja ukingoni mwa mkondo ambako mingi itakufa. Ishike mbegu katikati, ncha ndefu chini. Ncha ya juu ni ile yenye kovu mahali ilipotoka kwenye tunda, na kichipukizi chake hukaa hapo. Kila mwaka kuna wanaopanda kichwa chini, kwa hiyo kiongozi wa mstari akague kumi za kwanza za kila mtu. Isukume robo hadi theluthi ya urefu wake. Tope likiwa gumu, toboa kwanza kwa kijiti, usigonge mbegu. Kisha bana tope pande zote kwa vidole na uivute kidogo: ikichomoka, maji nayo yataichomoa.

Mkandaa na muia hupandwa hivyo hivyo, ila mbegu zake ni fupi na hutaka kukaribiana zaidi.

Mchu hautaki kusukumwa topeni. Mbegu yake ni kama jani nene lililokunjwa. Iloweke maji ya bahari siku moja au mbili mpaka ngozi ivuke yenyewe, kisha iweke juu ya udongo kwenye mfuko wa kitalu, ncha ya mzizi ikielekea chini. Ukiizika huoza. Mlilana una kazi zaidi: tunda huachwa majini lilainike, hupondwa kwa mkono, mbegu zake ndogo huchambuliwa na kumwagwa kwenye kitanda cha tope laini.

Kitalu kikae mahali panapofikiwa na maji ya bamvua pekee. Mifuko ya sentimita kumi kwa ishirini itobolewe chini, ijazwe tope la msituni lililochanganywa na mchanga kidogo, na kivuli cha makuti kiwe nusu tu. Mwezi mmoja kabla ya kupeleka miche nje, punguza kivuli wiki hadi wiki. Miche iliyolelewa kivulini na kutolewa ghafla huungua majani siku tatu za mwanzo. Na ile mifuko ya plastiki ihesabiwe wakati wa kutoka kitaluni na wakati wa kurudi, yote, bila kubaki hata mmoja msituni.

Kufuatilia

Kundi linalopanda na kuondoka limefanya nusu ya kazi. Weka viwanja vya mita tano kwa tano, pembe zake zikiwa na vigingi, uhesabu baada ya wiki mbili, miezi mitatu, miezi sita na mwaka. Andika wazima na waliokufa, na sababu. Mche uliokatwa usawa wa tope ni kazi ya kaa. Mche uliofunikwa na wale wadudu wa magamba wanaonata kwenye tumbo la mashua umepandwa chini mno, unakaa majini muda mrefu. Majani ya manjano na tope lenye ukoko mweupe wa chumvi, umepandwa juu mno. Mwani na mifuko ya plastiki iliyoshika mche hutolewa kwa mkono, kwa upole, kila bamvua. Magogo yanayoelea yaburutwe nje, kwa sababu hurudi na kila maji yakivunja miche.

Usijaze mapengo kabla hujajua aliyeua ni nani.

Kupunguza msitu uliobanana

Shamba la mkoko lililopandwa kwa mita moja hufika wakati likajibana: miti mirefu, myembamba, majani juu tu. Hapa ndipo utunzaji na ufundi hukutana, kwa sababu kinachotolewa ni fito na pau, na kinachobaki kitanenepa kiwe boriti. Kazi hii huongozwa na afisa wa misitu na kibali chake, na miti ya kukata huwekwa alama ya rangi siku moja kabla.

Njia rahisi ya kuchagua ni ya fimbo, inayotumika msitu wa Matang nchini Malaysia: unachagua mti mzuri ulionyooka, unazungusha fimbo ya mita 1.2 kutoka shinani, na miti iliyo ndani ya duara hilo ndiyo hutolewa. Upunguzaji wa pili, miaka mitano baadaye, fimbo huwa mita 1.8. Matang huanza umri wa miaka 15. Hapa afisa ataamua kwa kutazama unene.

Pima unene kwa kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini. Kwa mkoko, pima sentimita thelathini juu ya mzizi wa juu kabisa. Kata kwa msumeno juu kidogo ya mizizi iliyojipinda, na uangushe upande wa wazi. Kumbuka kwamba mkoko ukiukata hauchipui tena kutoka shinani, tofauti na mchu. Ndiyo maana kukata mkoko wote wa mahali pamoja ni kupaacha peupe. Miti mama minene iliyopinda, ambayo mkata boriti haitaki, iachwe yote: hiyo ndiyo kitalu cha bure.

Majina ya sokoni uyajue. Ufito ni mwembamba kuliko yote, kisha pau, mazio, boriti, nguzo. Boriti ni kama sentimita 11.5 hadi 13.5 kwa unene, na nguzo hufika ishirini. Huuzwa kwa korja, yaani vipande ishirini.

Ufundi: boriti ya dari

Fundi wa Lamu hafundishi kwa maneno mengi. Mwendee na mtu anayemjua, mwamkie, muulize kama atakubali ukae naye, na mkubaliane mapema malipo ya siku zake. Muda wake una thamani hata kama wewe umejitolea. Wiki ya kwanza utashika upande wa pili wa mti na kunoa vyuma. Noa vizuri, kwani hicho ndicho kipimo chake kwako.

Mti humenywa gome siku ile ile ya kukatwa, wakati bado una maji. Ukiachwa siku chache gome hushika na wadudu huingia chini yake. Ulaze kivulini juu ya vipande vya mbao, tabaka moja hivi na jingine kukingama, hewa ipite. Usiusimamishe ukutani, utapinda, na ukikauka haurudi. Jua kali hupasua ncha, kwa hiyo ncha zifunikwe makuti.

Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni vyembamba, karibu mita mbili na nusu hadi tatu, kwa sababu huo ndio urefu ambao boriti hubeba bila kulegea. Ongeza kila upande sentimita kumi na tano hadi ishirini za kuingia ukutani.

Kwa boriti ya kuchonga pande nne, uzi huchovywa ngeu, rangi nyekundu ya mafundi, hushikwa ncha mbili, huvutwa katikati na kuachiwa ukapiga mstari mwekundu. Kata mapengo kwa shoka kila sentimita ishirini na tano mpaka karibu na mstari, kisha ondoa kilicho kati yake kwa tezo, shoka la kuchongea lenye makali yaliyokingama. Miguu ipanuliwe, tezo lipite katikati au kando, kamwe lisielekee kidole. Mgeni hukosea kwa kutaka kipande kinene kwa pigo moja. Tezo hulamba. Vipande vikitoka vyembamba kama ganda la kitunguu, mkono umekubali. Usipite mstari wa ngeu katika kupunguza kwa kwanza. Nusu yake ibaki ionekane, umalizie kwa tezo la makali madogo.

Ufundi: kamba ya usumba

Hii ni kazi ya subira, na kina mama ndio mabingwa wake. Makumbi ya nazi huzikwa shimoni ufukweni mahali maji hupita kila siku, na juu huwekwa mawe na tope yasielee. Hukaa miezi, mitatu hadi sita na pengine zaidi, mpaka nyama ya kumbi ioze na nyuzi zibaki. Andika tarehe kwenye kigingi. Ukitoa mapema, nyuzi huwa ngumu, hukatika, na vumbi lake halitoki.

Likitoka lina harufu kali, na hiyo ni dalili nzuri. Lipige kwa rungu juu ya gogo kuanzia mgongoni, ligeuze, lipige tena, osha kwa maji ya bahari, kung'uta, anika. Usumba ulio tayari ni rangi ya dhahabu iliyofifia na hauachi unga mkononi.

Kusokota: chukua nyuzi kiasi cha kidole, ziviringe kati ya viganja au juu ya paja kwenda upande mmoja. Zikianza kupungua, ongeza nyingine zikiwa zimelaliana na za zamani kwa urefu wa shubiri. Kuunganisha ncha kwa ncha ndiko kunakokata kamba. Ukishakuwa na nyuzi mbili au tatu ndefu, zisokote pamoja kwenda upande wa pili, kinyume cha mwanzo. Kinyume hicho ndicho kinachozifungia zisifumuke. Kamba nzuri ukiilegeza haijikunji na ukiivuta haizunguki. Ikijikunja, ulisokota mno hatua ya kwanza. Ikifumuka, ulisokota kidogo hatua ya pili.

Rangi ya mkandaa

Gome la mkandaa hutoa rangi nyekundu ya kahawia iliyotumika zamani kwa nyavu na matanga. Tumia gome la miti iliyokatwa kwa kibali tu. Mti uliosimama ukimenywa gome kuzunguka shina hufa. Ponda gome, loweka usiku kucha, chemsha kwa moto mdogo kama saa moja, chuja. Kwa uzito, gome lilingane na kamba au ukindu unaotia rangi. Tumia sufuria ya alumini au ya udongo: chuma huigeuza rangi kuwa nyeusi. Anika kivulini, rudia mara mbili ukitaka iliyokolea.

Kwa fundi wa madau

Matondoni, magharibi ya kisiwa cha Lamu, bado utakuta madau na mashua zikijengwa ufukweni. Mlilana na mkomafi hutafutwa kwa sababu ya matawi yake yaliyopinda kiasili, ambayo hufanywa mataruma, yaani mbavu za chombo. Fundi huutazama mti uliosimama na kuona ubavu wa chombo ndani yake, ndiyo maana tawi lililopinda lisikatwe kuni.

Mwanagenzi huanzia kalfati. Pamba husokotwa nyembamba kama penseli, huchovywa mafuta ya nazi au ya ufuta, na husukumwa ndani ya kila mwanya wa mbao kwa patasi butu na nyundo. Anza katikati ya chombo kwenda ncha, na pigo liwe moja kwa nguvu ile ile. Pamba ikiingia kwa ulaini mno, mwanya ni mpana na huhitaji pamba ya pili juu yake. Ikigoma, usiongeze nguvu, utatanua mbao na kufungua mwanya wa jirani. Sauti hubadilika pamba ikikaa: kutoka ya kufifia huwa kavu. Msikilize fundi akipiga kabla ya kupiga wewe. Baada ya hapo tumbo hupakwa deheni, shahamu iliyochanganywa na chokaa, kwa mkono mtupu ikiwa bado vuguvugu. Chombo kipya kikishushwa kitavuja siku ya kwanza. Kiache kwenye kina kidogo kwa siku mbili tatu, mbao zinywe maji zivimbe, ndipo ukague kwa ndani mwanya baada ya mwanya na kutia alama ya mkaa kila mahali panapotoa tone.